Wanavyuo Wanataka Kiingereza. Somo Je, Wanalielewa?

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote. Toleo lake la 2023, lililozinduliwa Dodoma Februari 2025, limeturudisha palepale: kuanzia sekondari hadi chuo kikuu ni Kiingereza. Tume ya elimu ya Makweta ilikwishapendekeza Kiswahili mwaka 1982, ikapuuzwa. Huku ni kurudi nyuma, tena bila haya.

Watetezi wana hoja zao: vitabu ni vya Kiingereza, ajira zinakitaka, na wanavyuo wenyewe wakiulizwa, wengi husema wanakitaka. Haya, tumesikia.

Nani asiyekitaka Kiingereza? Hata mimi nakitaka. Lakini kukitaka ni jambo moja, kulielewa somo kwa lugha hiyo ni jingine, na la pili halijulikani kwa dodoso. Pita kwenye vikundi vya wanachuo usiku wa kuamkia mtihani. Slaidi ni za Kiingereza, mabishano yote ni Kiswahili: huyu anauliza, yule anafafanua, wa tatu anapinga. Wakishaelewana, kila mmoja anarudi kukariri sentensi za mhadhiri neno kwa neno, maana hizo ndizo zenye alama. Elimu imepatikana kwenye ubishi. Chuo kinasahihisha kilichokaririwa!

Huku Katonga, kando ya Ziwa Tanganyika, hasara yake tunaiona. Ziwa hili lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, wavuvi waliambiwa samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Je, ziwa lenye kina cha mita 1,470 linaishiwaje samaki? Uvuvi umezidi, ndiyo, lakini kuna zaidi. Dagaa na migebuka huishi tabaka la juu tu, kwani kule chini hakuna oksijeni. Maji ya juu yakizidi joto, yanachanganyika kwa shida na ya chini yenye rutuba, na chakula cha dagaa kinapungua. Mhitimu wa sayansi ya majini anayajua hayo, kwa Kiingereza. Msimamishe mwaloni mbele ya wenye mitumbwi uone atakavyobabaika. Tumemsomesha ili azungumze na nani?

Na msituambie Kiswahili hakina istilahi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha isimu kwa Kiswahili hadi uzamivu, na istilahi zake zilitungwa.

Wizara ikifundishe Kiingereza kama somo, kwa walimu wanaokimudu. Kwa kuanzia, imruhusu mwanachuo ajibu mtihani wa biolojia kwa Kiswahili akipenda. Hilo halihitaji kusubiri kitabu hata kimoja.