Kalamu imegoma? Hebu nenda kaunta!

Leo nina neno na vijana wa mjini ambao ugali wao unatokana na kuandikia wafanyabiashara. Mko wengi siku hizi. Huyu anaandika vipeperushi vya duka la mabati, yule anajaza kurasa za Instagram za muuza vipuri. Bosi anataka maandishi matatu kwa wiki na analipa kwa kila andiko. Hujaandika, hujala!

Basi Jumatatu inafika, unakaa kitako, ukurasa mweupe pee. Unaandika, "Katika ulimwengu wa leo wenye ushindani mkubwa..." Unafuta. Unakwenda kunywa chai, unarudi, wapi! Jioni bosi anapiga simu, roho juu juu.

Nikiwauliza, mnaniambia, "Kaka, maneno yamekauka." Yamekauka wapi bwana? Jana tu kijiweni ulibishana habari za Simba na Yanga saa nzima bila kumeza mate. Simba na Yanga unazijua, ndiyo maana. Bati hulijui. Maneno unayo, cha kusema ndicho huna.

Mimi nami naishi kwa kalamu, na dawa yangu ni moja: kalamu ikigoma naondoka mezani, nakwenda kusimama kaunta. Nasikiliza mteja anauliza nini. Yupo mwenye duka katoka mkoani, kaja Kariakoo na mtaji wa mkopo. Anaona bati geji 28 na geji 30, na hiyo ya 30 bei yake imepoa. Anafurahi: namba kubwa, bei ndogo, dili hilo! Kumbe kwenye geji namba ikipanda, bati linazidi kuwa jembamba. Akijaza stoo bila kulijua hilo, wateja watakuja kumlaumu yeye, na mkopo unamsubiri palepale. Sasa andiko si hilo hapo? Umwambie tofauti, umwambie lipi linafaa wapi, basi. Hayo ya ushindani mkubwa peleka kwenye hotuba.

Msidhani ni mbinu ya uswahilini tu. Mwingereza David Ogilvy, aliyekuwa na kampuni ya matangazo New York, alipopewa kazi ya kuitangaza Rolls-Royce alitumia wiki tatu kusoma habari za gari lenyewe. Humo akakuta kwamba likienda maili 60 kwa saa, kelele kubwa kuliko zote ni ya saa yake ya umeme. Akalichukua hilo likawa kichwa cha tangazo la mwaka 1958, na mpaka leo watu wa kazi hiyo wanalitaja. Hakulitunga kichwani, alilikuta.

Ugonjwa wa pili ni kuandikia umati. Ukisema unawaandikia "wafanyabiashara wote nchini", lazima ulimi uwe mzito, kwani nani huyo? Tajiri Warren Buffett alieleza mwaka 1998 kwamba akiandika taarifa ya mwaka ya Berkshire Hathaway, hujifanya anazungumza na dada zake: wana akili sana, ila si wataalamu wa mahesabu. Nawe mchague mmoja, yule yule wa mkoani. Muandikie kama unavyomjibu kwenye simu. Huwezi kumpigia mtu simu ukaanza na "katika ulimwengu wa leo", atakukatia!

Na nani kakudanganya kwamba lazima uanzie juu? Anza na lile jibu la geji. Mwanzo utakuja wenyewe baadaye, na ukichelewa, mara nyingi ni kwamba haukuhitajika.

Ila bosi nawe sikia. Unamfungia kijana chumbani, stoo humruhusu kuingia, fundi humruhusu kumuuliza, halafu unalalamika maandishi hayana chumvi. Chumvi ataitoa wapi? Mfungulie mlango.

Nawe kijana, kesho usiikodolee macho karatasi. Beba daftari, simama kaunta nusu saa, andika maswali matano kama yalivyotoka midomoni mwa wateja. Ukitoka hapo una kazi ya wiki nzima, na chenji inabaki.

Tukijaliwa, wiki ijayo hapa hapa. Kazi njema!