Bei Iko Simuni, Dhahabu Iko kwa Mfadhili

Mijadala ya intaneti na jamii huanzia mbali na hapa. Chuo Kikuu cha Harvard kina kituo chake, Berkman Klein, tangu miaka ya 1990. Strathmore ya Nairobi nayo ina chake. Kwetu Tanzania, shirika la Twaweza walianza utafiti wa Sauti za Wananchi mwaka 2013: waliwagawia wahojiwa simu na chaja za jua, kisha wakawa wanawapigia kuwauliza maswali. Kazi zao tunazisoma kwa heshima. Ila toleo hili tumeliandalia Didia, wilayani Shinyanga, na ukikaa Didia hangaiko la kwanza si mtandao kushika au kutoshika.

Ni bei. Mchimbaji wa Mwakitolyo, wilaya hii hii ya Shinyanga, akijiunga bando asubuhi anaiona bei ya wakia ya dhahabu London kabla hajashuka duarani, yaani shimoni. Baba yake alitajiwa bei na mnunuzi, akaimeza. Halafu Machi 2019 Geita ikafungua soko la madini, mikoa mingine ikafuata. Bei elekezi inatokana na soko la dunia, na dhahabu inapimwa mbele ya macho ya mwenyewe. Kwa hesabu za kwenye karatasi, mlanguzi angekuwa ameshafunga virago.

Hajafunga, maana yeye ndiye mfadhili. Aliyelisha kambi, akanunua matimba na mafuta ya pampu miezi kadhaa kabla mwamba haujatoa kitu, ndiye anayeushika mzigo wa kwanza. Mchimbaji anaijua bei mpaka shilingi ya mwisho, na bado anauza kwa bei ya anayemdai. Wapo watakaonibishia kwamba makundi ya WhatsApp yanamkutanisha na mnunuzi wa pili. Sawa, kama dhahabu ni yake.

Ndiyo maana sina raha na tafiti zinazoishia kuhesabu nani ana simu janja na nani ana kitochi, kana kwamba habari ikishafika basi mtu ameshakuwa na nguvu sokoni.

Mtafiti anayetaka kazi ya maana aichukue hii: Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa hivyo siku kadhaa. Machimboni bei ilitajwa na nani siku zile, na ilipishana kiasi gani na ya wiki iliyotangulia? Kabla ya kuuliza nani alikuwa na bando, aulize nani alikuwa anadaiwa.