Hata wafugaji wa kale hawakuishi kwa maziwa matupu

Hapa Buzebazeba haipiti wiki kliniki ya watoto bila kusikia maneno haya: "Mama nesi, mtoto hanenepi kwa sababu sina hela ya maziwa."

Siku moja alikuja mama kijana na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Miguu ilikuwa imevimba na nywele zimebadilika rangi. Nilipomhoji, alieleza kwamba mumewe ni mvuvi, na dagaa anaoletewa nyumbani huwauza wote sokoni ili anunue kopo la maziwa ya unga. Kopo likikaribia kwisha, anakoroga maziwa mepesi zaidi ili yafike mwisho wa mwezi.

Nikamwuliza, "Mwanangu, kwa nini humpi mtoto hao dagaa?"

Akajibu, "Mama, dagaa si chakula chetu wakubwa? Chakula cha mtoto ni maziwa."

Tulimlaza mtoto, naye alipona. Lakini jibu lile halikunitoka moyoni. Sikumlaumu mama yule, kwa kuwa amekua akisikia kwamba asiye na maziwa hana chakula bora. Wengine hutoa mfano wa wafugaji, wakisema tangu kale wanaishi kwa maziwa tu na wana nguvu. Je, ni kweli? Jambo hilo limechunguzwa, tena hapa hapa nchini.

Huko Luxmanda, katika nyanda za juu za Mbulu mkoani Manyara, waliishi wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo yapata miaka 3,000 iliyopita. Hawakuacha maandishi. Waliacha mifupa ya mifugo yao na vigae vya vyungu.

Kila mama anajua kwamba chungu hunywa mafuta. Ukikiosha vipi, harufu ya mchuzi wa jana haiishi. Mafuta hayo yaweza kukaa ndani ya udongo kwa maelfu ya miaka. Wataalamu husaga kipande kidogo cha kigae, huyatoa mafuta kwa dawa za maabara, kisha hupima kaboni iliyomo, nyepesi na nzito. Mafuta ya maziwa na mafuta ya nyama hutofautiana katika kipimo hicho, hata yakitoka kwa mnyama wa aina moja.

Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya vigae 125 kutoka Kenya na Tanzania. Maziwa yalikuwemo. Lakini ilikuwemo pia nyama, ambayo huenda ilipikwa kwa supu, na mimea. Mlo wao ulikuwa wa mchanganyiko.

Njia ya pili ni ukoga wa meno. Ukoga ukigeuka kuwa mgumu kama jiwe, hufungia ndani chembe za chakula. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba protini za maziwa zimepatikana katika ukoga wa watu wa kale wa Sudan na wa Lukenya Hill, karibu na Nairobi. Mwaka huo huo njia hiyo ilionyesha kwamba wafugaji wa mbuga za Urusi nao walikunywa maziwa miaka 5,000 hivi iliyopita.

Njia ya tatu ndiyo iliyonishangaza zaidi. Maziwa yana sukari yake. Mtoto mchanga ana kimeng'enya cha kuisaga, lakini kwa watu wengi kimeng'enya hicho hupungua baada ya utotoni. Hapo mtu akinywa maziwa mengi, tumbo hujaa gesi, huunguruma na kuharisha. Wapo waliorithi uwezo wa kuyasaga maisha yao yote. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa mabaki ya watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania. Aliyeonekana kuwa na urithi huo ni mmoja tu, wa pango la Gishimangeda, aliyeishi miaka 2,000 hivi iliyopita.

Basi tafakari, ndugu msomaji. Ikiwa watu walioamka na kulala na ng'ombe walichanganya vyakula, sisi wa pwani ya Tanganyika tunaona aya gani kwa dagaa wetu?

Sisemi maziwa ni mabaya. Mwenye nayo na yasiyemdhuru, anywe. Ninachokataa ni kuuza chakula kizuri kilichomo nyumbani ili kununua sifa ya kopo. Kwa hiyo nashauri hivi:

1. Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo aanze vyakula vingine, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi.

2. Dagaa wakavu waoshwe, wakaushwe tena, watwangwe na kuchekechwa, kisha unga wao uchanganywe katika uji wa mtoto. Dagaa huliwa na mifupa yake, kwa hiyo humpa mtoto protini na pia chokaa ya kujenga mifupa. Ongeza kijiko cha mawese mekundu, yenye vitamini A. Maharage na sombe visisahauliwe.

3. Mtu mzima anayesumbuliwa na maziwa asidhani amerogwa au amelishwa sumu. Apunguze kiasi, au ajaribu mtindi, kwa kuwa vijidudu vinavyougandisha vimekwisha kula sehemu ya ile sukari. Lakini kuharisha kusikokoma, kuharisha damu au kukonda si jambo la kukisia nyumbani. Aje hospitali.

4. Maziwa yote yachemshwe kabla ya kunywa, na hata kabla ya kugandisha. Maziwa mabichi yaweza kuleta kifua kikuu na homa ya brusela.

Akina baba nao wasikie. Dagaa wakifika nyumbani, bakuli la mtoto litengwe kwanza, ndipo beseni liende sokoni. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu umeanikwa mchangani kila asubuhi, unang'aa kama fedha.