Haki Yake Mpeni

Wenzangu wapenzi, hebu niwaulize: mtu akiondoka, nani humsimulia? Mara nyingi ni wale walioteta naye. Kuna mwenzetu aliyeacha masomo kwa kukosa karo. Leo twamkumbuka kwa jina la utani tu, tena baya, na kucheka. Hakuna asemaye kwamba ndiye aliyekuwa akitueleza hesabu saa ya chakula cha mchana.

Jambo hili lilinijia nikisoma habari za Milki ya Bizanti. Mfalme Constantine V alitawala mjini Constantinople toka 741 hadi 775. Alipinga kuheshimiwa kwa picha takatifu, akawatesa watawa. Waliozitetea picha ndio walioshinda mwishowe, mwaka wa 843, na historia wakaiandika wao. Basi wakambandika jina la kinyesi, ati alipobatizwa akiwa mtoto aliyachafua maji!

Lakini ukweli haufichiki. Mtawa Theophanes, aliyemchukia mfalme huyo, aeleza mwenyewe kwamba ukame ulipouzidi mji mnamo 766, mfalme alikusanya maelfu ya mafundi wakautengeneza mfereji mkuu wa maji, uliokuwa umeharibika tangu 626. Tena aeleza kwamba mwaka wa 813, Wabulgari walipoitishia milki, baadhi ya watu waliingia kwa nguvu kaburini mwake wakimlilia aamke awaokoe, kwa maana alipokuwa hai aliwahi kuwashinda vitani. Je, mtu asiye na jema lolote hulilia nani? Hakuna!

Wengine watasema, "Si alikuwa mkatili? Anastahili!" Nakubali, mateso hayana udhuru, na yaandikwe. Ninachopinga ni kuifuta nusu ya pili. Hata maamuzi ya mkutano wake wa 754 twayasoma leo kwa sababu moja tu: wapinzani waliyanukuu mwaka wa 787 ili wayakanushe. Wasingeyanukuu, tungebaki na matusi peke yake.

Kwa hivyo wenzangu, tukimtaja yule aliyetuacha, tutaje na hesabu alizotufundisha. Naye akijaliwa kurudi, tumwite kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wahenga hawakukosea waliponena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.