Wazoa taka nao ni wafanyakazi

Tunapozungumzia wafanyakazi, tusiwasahau vijana wanaopakia taka usiku Mtaa wa Kongo na Msimbazi, Kariakoo. Kiroba kiko kichwani, maji machafu yanachuruzika hadi shingoni. Ndani mna chupa zilizovunjika, pengine na sindano. Miguuni ndala, glavu moja tu, ya kulia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga, na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, ndio wasimamizi wake. Kibarua wa kutwa asiachwe nje ya sheria hiyo. Halmashauri ya Jiji iweke sharti kwenye mikataba: wapakiaji wasipokuwa na gambuti na glavu, mzabuni asilipwe. Nasi wenye maduka Kariakoo, vioo tuvifunge kwenye boksi, tuandike juu: CHUPA.