Valvu Mbele, Transista Nyuma

Machi 1974, katika ukumbi wa Cow Palace kando ya San Francisco, bendi ya Grateful Dead ilipiga mbele ya ukuta mrefu wa spika. Katika mtambo huo, gitaa la Jerry Garcia lilipita kwanza kwenye sehemu ya mbele ya Fender Twin Reverb, amplifaya ya valvu, ndipo likaingia kwenye McIntosh MC2300, mashine ya transista yenye wati 300 kila upande. Valvu ziliipa sauti rangi yake, transista zikaipa nguvu ya kufika viti vya nyuma kabisa.

Mpangilio huo ungali bora kwa mpenda muziki anayetaka ladha ya valvu bila kufilisika. Marshall iliutumia katika amplifaya zake za gitaa za Valvestate, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sababu yake ni ya kifundi. Valvu ndogo ya mbele, kama 12AX7, hudumu miaka mingi na kuibadilisha ni kazi rahisi. Gharama iko nyuma: valvu kubwa zinazochakaa haraka, na transfoma nzito ya kutolea sauti, ambayo ikitengenezwa ovyo huidhoofisha besi. Amplifaya nyingi za transista hazihitaji transfoma hiyo, tena huidhibiti koni ya spika isiendelee kutikisika noti inapokwisha.

Lakini vyombo viwili vizuri vinaweza kuunganishwa vikatoa sauti mbovu, na hapo ndipo wauzaji wanapostahili lawama. Wanasifia “joto” la valvu, wananyamazia ukinzani.

Priamplifaya nyingi za valvu, yaani vyombo vya mbele, zina ukinzani wa omu elfu moja hadi elfu kadhaa mahali sauti inapotokea. Zilizoea kulisha amplifaya za valvu, ambazo mlango wake wa kuingilia huwa na omu 100,000 au zaidi. Amplifaya za transista ziko chini ya hapo: nyingi za nyumbani huwa na omu 47,000, na baadhi hushuka hadi 10,000. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukinzani wa kuingilia uwe angalau mara kumi ya ule wa kutokea.

Kuna pia kapasita ya kutolea sauti. Tuseme ni ya mikrofaradi 0.47. Ikilisha omu 100,000, besi inapungua kwa desibeli 3 kwenye mitetemo 3.4 tu kwa sekunde, chini kabisa ya uwezo wa sikio. Ikilisha omu 10,000, upungufu uleule unapanda hadi mitetemo 34, na waya mnene wa gitaa la besi, wenye mitetemo 41, tayari umeumia. Mnunuzi husikia sauti nyembamba, akailaumu transista bure. Fundi angebadilisha kapasita hiyo moja kwa kubwa zaidi, tatizo likaisha.

Na wakati wa kuwasha, priamplifaya itangulie, ipate nusu dakika au zaidi ya kupasha valvu. Amplifaya ya nguvu ifuate. Wakati wa kuzima, ya nguvu ndiyo ianze. Kishindo cha valvu zinazoamka kikikuzwa kwa mamia ya wati, spika ziko hatarini.

Kabla ya kulipa, msomaji aombe namba mbili zilizoandikwa: ukinzani wa kutokea wa priamplifaya na ukinzani wa kuingilia wa amplifaya. Duka likishindwa kuzitoa, aende duka jingine.