Saa ya Marehemu Isitolewe Matumbo

Juzi nilikwenda matangani Kisauni. Ukumbini nikaiona saa ya kale ya Kiingereza, ya sanduku refu lipitalo kimo cha mtu. Imesimama. Warithi washapatana: ataitwa fundi aitoe mashine, atie ya betri, na sanduku lipigwe msasa na vanishi.

Nasema wasifanye hivyo, na sababu ninazo.

Niliomba ruhusa nikafungua mlango wa sanduku. Miguu imeliwa na mchwa, hilo kweli. Kamba moja imekatika na jiwe lake la risasi limelala chini. Lakini magurudumu ya shaba yote yapo na meno yake hayajalika. Mgonjwa huyu anatibika: kamba mpya, mafuta kidogo, na mti mgumu miguuni.

“Lakini ami, hata ilipokuwa nzima ilikuwa ikichelewa,” kijana mmoja akaniambia. “Baba akilalamika siku zote.”

Lazima ichelewe! Ilipimwa Uingereza. Pendulamu yake, ya karibu mita moja, yategemea nguvu ya ardhi ya kuvuta vitu, na nguvu hiyo hupungua kidogo ukaribiapo ikweta. Mfaransa Jean Richer aliyaona hayo huko Cayenne mwaka 1672: saa yake ilichelewa dakika mbili na nusu kila siku, hata akaifupisha pendulamu. Mombasa nayo ni dakika mbili na kitu. Dawa ni ile nati ya chini. Ukiikaza, uzito hupanda na saa huongeza mwendo. Nilipoitazama nikakuta mzee alikwisha kuipandisha. Ameacha na alama za koleo.

Tena, upande wa ndani wa mlango pameandikwa kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu, Ijumaa baada ya Ijumaa. Saa hii hutiwa ufunguo mara moja kwa wiki, na kila alipoutia mzee aliandika akrabu zilikuwa wapi adhana ya magharibi ilipotoka. Novemba ni kumi na mbili na dakika kumi na kitu. Februari ni dakika arubaini na kitu. Nusu saa nzima jua letu huenda na kurudi, na sisi twasema pwani magharibi haibadiliki!

Huo ndio ubao utakaopigwa msasa. Nimewaambia, wakanisikiliza kwa adabu. Fundi anakuja Jumamosi.